Mlango umefungwa, kitasa kizima, pesa hazipo

BARUA

Ndugu Mshauri, assalaam aleykum.

Mimi ni mama wa miaka 53, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Mtoto wa kaka yangu anaoa Bagamoyo mwezi ujao, na wazee wameona mimi, shangazi yake, ndiye wa kubeba dhamana ya vitu vyote vya upande wetu. Tunakwenda watu kumi na saba kwa Coaster, tumeshaweka oda ya vyumba sita vya gesti. Tunafika Alhamisi jioni, ndoa ni Jumamosi baada ya alasiri, Jumapili tunarudi.

Vitu vyenyewe ni hivi. Mahari taslimu shilingi 2,000,000. Dhahabu ya bibi harusi: kidani, bangili nne, vipuli na pete mbili. Sanduku lake la nguo na manukato. Halafu kuna dhahabu zetu wenyewe wanawake, na nyingine, sikufichi, tumeazima kwa majirani. Na kila mtu ana simu yake na pesa yake ya matumizi.

Kinachoninyima usingizi ni yaliyonipata mwaka jana. Nilikwenda msibani mji mwingine, nikalala gesti siku mbili. Mchana ule nilifunga mlango mwenyewe, nikausukuma kuujaribu, ufunguo nikauacha mapokezi kama ulivyo utaratibu wao. Niliporudi magharibi mlango umefungwa vilevile, dirisha limefungwa, begi liko juu ya kiti nilipoliacha, zipu imefungwa na kikufuli changu kiko palepale. Nafungua, shilingi 180,000 hazimo, na simu yangu ndogo haimo. Khanga zangu zimekunjwa kama nilivyozikunja.

Nilipiga kelele. Msichana wa usafi akaitwa, akalia, akaapa. Mwenye gesti akamfukuza kazi palepale mbele yangu. Wakati ule niliridhika. Siku hizi nikiukumbuka uso wake sina uhakika tena.

Sasa kila mtu ana lake. Kaka anasema kila kitu nijifunge kiunoni. Wifi anasema dhahabu tuzitie kwenye mfuko wa mchele au chini ya godoro. Mwanangu anataka tuhamie hoteli yenye sefu chumbani. Na kuna jirani ameniambia niende kwa mtaalamu nikapate kinga ya mlango. Mimi nauliza: yule mtu wa mwaka jana aliingiaje? Vitu hivi niviweke wapi? Na wahudumu wa usafi, niwazuie wasiingie kabisa siku zote tatu?

Shangazi wa bwana harusi, Ngamiani, Tanga

JIBU

Waaleykum salaam, dada yangu, na hongereni kwa harusi.

Nianze na la mwaka jana, maana ukilielewa hilo mengine yanafuata yenyewe. Mlango uliofungwa na kitasa kizima maana yake aliyeingia alikuwa na ufunguo, na haikuwa lazima uwe huo wako. Vitasa vingi vya milango ya mbao kwenye gesti zetu ni vya bei ya chini, vile vya ufunguo mrefu wenye meno machache. Ukikifungua kitasa cha namna hiyo kwa bisibisi utakuta ndani vibao viwili au vitatu tu vinavyonyanyuliwa na meno ya ufunguo. Vibao vikiwa vichache, aina za funguo zinazowezekana nazo ni chache, na kiwanda huzirudia. Kwa hiyo gesti ya vyumba kumi na viwili inaweza kabisa kuwa na ufunguo wa namba 3 unaofungua namba 9, na mwenye gesti mwenyewe hana habari. Ongeza mgeni wa mwezi uliopita aliyeondoka na ufunguo mfukoni. Ongeza nakala ambayo fundi funguo huichonga kwa dakika chache. Ongeza ule ubao wa misumari ya kutundikia funguo pale mapokezi, unaomwonyesha kila apitaye nani yumo na nani katoka.

Na begi je? Chukua begi la zipu ya nailoni hapo nyumbani ulijaribu usiku huuhuu. Funga vishikio viwili vya zipu pamoja kwa kikufuli. Kisha shika peni ya kawaida, chomeka ncha yake katikati ya meno ya zipu, sukuma. Meno yanaachana na begi linafunguka tumbo wazi. Ukishatoa unachotaka, kamata vile vishikio na kikufuli chake, vitembeze mpaka mwisho wa njia na uvirudishe: meno yanakamatana tena, na kikufuli kiko palepale. Kazi nzima haimalizi dakika. Dawa yake ni ndogo. Kikufuli kisifunge vishikio peke yake, kivifunge pamoja na pete au mkono wa begi ili visiweze kutembea. Mwizi bado anaweza kulichana begi, lakini hawezi kulirudisha kama alivyolikuta, nawe utajua saa ileile badala ya kujua siku ya pili ukiwa njiani.

Chumba cha gesti, basi, kina funguo nyingi kuliko unazoziona. Ndiyo maana kabla ya kuuliza tufiche wapi, uliza nini kisilale humo kabisa.

Mahari yasilale humo. Usitoke nayo Tanga taslimu. Iweke benki, wewe au mshenga, na Ijumaa asubuhi mtoe kwenye tawi pale Bagamoyo mjini. Usingoje Jumamosi, benki hufungwa mapema siku hiyo, na mashine ya kutolea pesa ina kikomo chake kwa siku. Uliza kikomo cha kadi yako kabla hujaondoka. Kama mnategemea mawakala wa simu, jueni kwamba wakala mmoja mara nyingi hana taslimu ya milioni mbili, mtazunguka kwa wawili au watatu huku mtaa mzima unawatazama. Benki ni bora. Omba noti za elfu kumi, ni mabunda mawili ya noti mia mia, na msiivunje karatasi ya benki inayoyafunga. Toka benki watu watatu, moja kwa moja mpaka kwa mzee wa upande wa bibi harusi, ahesabu mbele ya mashahidi, aandike kupokea. Kama wao wanataka mahari yaonekane kwenye sinia siku ya ndoa, watayatoa wenyewe. Yatakuwa yamelala nyumbani kwa watu wanaojulikana, si kwenye chumba kilicholala wageni mia mwaka huu.

Dhahabu ya bibi harusi vivyo hivyo. Ipelekeni Alhamisi jioni hiyohiyo mnapokwenda kusalimia. Kabla ya safari ipitishe kwa sonara hapo Tanga, apime kila kipande peke yake, aandike gramu na karati kwenye risiti. Kisha zipige picha juu ya kitambaa cheupe, rula pembeni, na picha nyingine ya karibu ya kifungio na alama iliyogongwa. Hizo za kuazima ndizo za kwanza kupimwa, maana kidani cha jirani kikipotea ugomvi hautakuwa wa pesa peke yake. Andika daftari: nani, kitu gani, gramu ngapi, nani atakivaa, kitarudi lini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye msafara wa watu kumi na saba hata bangili iliyoanguka chini ya kiti cha Coaster itaitwa imeibiwa. Nakuomba pia mpunguze. Ya kuazima yasiyo ya lazima yabaki Ngamiani.

Kiuno anachokisema kaka kinafaa njiani tu. Kutoka Tanga mtapita Segera, Mkata, Mbwewe, mpaka Msata, ndipo mkunje kushika kilomita 64 za kwenda Bagamoyo. Kwa safari hiyo mkoba mwembamba wa kitambaa ndani ya gauni unabeba nauli, kitambulisho na pete. Hatari yake ni chooni. Mnaposimama kula, mtu huvua mkoba, huutundika kwenye msumari wa mlango, hutoka bila huo. Ukienda chooni uhamishie shingoni, usiutundike popote.

Na wifi mwambie kwa upole kwamba chini ya godoro, ndani ya foronya, juu ya kabati na kwenye tangi la choo ndiko mwizi anakoanzia. Godoro ni baya zaidi kuliko yote, kwa sababu shuka hubadilishwa, na anayezibadilisha analazimika kulinyanyua. Mfuko wa mchele ungefaa kama mngekuwa mnapika gestini. Mchele peke yake chumbani kwa watu waliokuja kula karamu unajieleza wenyewe.

Sasa vyumba vyenyewe. Mkiwa na vyumba sita mna nafasi ambayo msafiri wa peke yake hana: jaribuni funguo zenu. Mwombe ruhusa mtu wa mapokezi, kisha kila ufunguo ujaribiwe kwenye milango mitano isiyo yake. Ni majaribio thelathini, kama robo saa. Ukipata mlango unaofunguliwa na ufunguo wa mwingine, omba kitasa kibadilishwe au mpewe chumba kingine, na kama haiwezekani, chumba hicho wapewe vijana wasio na kitu. Mwenye gesti mwenye akili atawashukuru.

Katika kila mlango tazama ulimi wa kitasa. Kuna ulimi wa mteremko, unaojifunga mlango ukiuvuta, na kuna ulimi wa mraba unaotoka ukizungusha ufunguo. Ule wa mteremko unarudishwa kwa kipande cha plastiki kigumu kilichopenyezwa ubavuni. Kuvuta mlango tu na kwenda zako ni kama kuurudishia. Zungusha ufunguo mpaka usikie umegota. Kisha sukuma mlango kwa goti sehemu tatu: juu, usawa wa kitasa, chini. Ukicheza sana usawa wa kitasa, angalia kile kibati cha kwenye fremu kinachopokea ulimi. Mara nyingi kimeshikwa na skurubu mbili fupi kwenye mbao iliyooza kwa chumvi ya pwani, na teke moja linakitoa. Fundi akitia skurubu ndefu za inchi mbili mpaka kwenye mbao nzima, mlango uleule unakuwa mlango mwingine.

Usiku mkiwa ndani, kama hakuna komeo, ufunguo ubaki kwenye kitasa kwa ndani lakini uugeuze kidogo usikae wima. Ukikaa wima unasukumwa kwa nje, unaangukia karatasi iliyopenyezwa chini ya mlango, na karatasi inavutwa nao. Kama mlango unafungukia ndani, kabari ya mbao au mpira chini yake inasaidia sana. Kama unafungukia nje, kabari ni bure. Jambo moja nalisema kwa ukali: msimfungie mtu kwa nje. Bibi aliyechoka, mtoto aliyelala, hata kwa nusu saa ya kwenda kula. Umeme ukileta moto, kufuli ya nje ni kifo.

Dirisha linastahili muda wako zaidi ya mlango, kwa sababu watu hulisahau. Joto la Bagamoyo litawafanya mfungue, na wavu wa mbu si ulinzi. Mwizi wa dirishani hana haja ya kuingia. Anakuja saa nane za usiku na mti mrefu wenye ndoana au msumari uliopindwa, anachana wavu kwa wembe, anapitisha mti kati ya nondo, anavua kama anavyovua samaki: suruali, mkoba, simu iliyo kwenye chaji. Chukulia kwamba chochote kilicho ndani ya mita tatu kutoka dirishani kiko mkononi mwake. Na soketi, kwa bahati mbaya, huwa chini ya dirisha au kando ya kitanda. Njooni na ekstensheni mbili tatu zenye waya wa mita tatu au zaidi, simu zichajiwe ukuta wa mbali, chini, nyuma ya begi. Zisichajiwe chini ya mto, zinapata moto. Suruali na mikoba visitundikwe kwenye kiti wala msumari wa karibu na dirisha.

Kama ni vioo vya luva, vile vipande vinavyopangwa kama ngazi, tazama vile vishikio vya bati vinavyokamata ncha za kioo. Vikinyooshwa kwa kidole, kioo kinatelezea nje bila kelele. Dirisha hilo bila nondo ni mlango wa pili. Kama ni aluminiamu la kusukuma pembeni, kile kifungio kidogo cha katikati usikiamini. Kata mti wenye unene wa kidole gumba, ulingane na nafasi inayobaki kwenye reli ya chini dirisha likiwa limefungwa, ulaze humo, na dirisha halitasogea. Ukitaka hewa, ufupishe mti upitishe upana wa ngumi tu. Msisahau kidirisha cha bafuni, na mtazame juu. Kuna majengo ambayo kuta za vyumba zinaishia chini ya dari, na juu ya mbao za dari ni uwazi mmoja wa nyumba nzima. Kipande cha dari kinachonyanyuka juu ya choo ni njia. Hama chumba hicho.

Kwa vilivyobaki, yaani dhahabu mtakazovaa, sanduku la bibi harusi kabla halijapelekwa, na pesa za msafara, sikushauri mhamie hoteli ya bei kubwa kwa ajili ya sefu. Azimeni tranka. Lile sanduku la bati wanalokwenda nalo wanafunzi wa bweni linashinda begi lolote la zipu. Kabla hujaliazima, kagua maungio mawili: bawaba za nyuma, na tumbuu ya mbele inayopokea kufuli. Mara nyingi zimeshikwa na ribiti nyembamba ambazo bisibisi inazing'oa. Mpelekee fundi wa kuchomelea azitie pointi chache za moto. Kisha mnyororo wa mita moja, wenye pete za milimita sita, upite kwenye mkono wa tranka na kuzunguka ubao wa fremu ya kitanda pale ulipofungwa pande zote. Usiuzungushe kwenye mguu, maana kitanda kinanyanyuliwa na mnyororo unatoka chini. Kufuli iwe na shingo ya unene huohuo, funguo mbili, moja kwako, moja kwa kaka, wala si kwa mtu wa tatu.

Tranka likae chumba kimoja, ghorofani kama ipo, karibu na mapokezi na mbali na ukuta wa uzio. Hicho ndicho chumba chenu cha amana, na wote wajue pa kuleta vitu vyao. Vyumba vitano vingine vibaki na nguo na mafuta ya kupaka tu. Mkiwa na tarehe inayogongana na tamasha la sanaa la TaSUBa, kile chuo cha sanaa cha Bagamoyo, thibitisheni vyumba mapema, kwani mji hujaa, mtatawanywa gesti tatu na mpango huu wote utaharibika.

Kuhusu sefu za chumbani, kwa kuwa mwanao ameziuliza. Jaribu kuinyanyua. Isipokuwa imefungwa kwa bolti kwenye ukuta au kabati, ni kisanduku cha kubebea. Kisha muulize meneja wanaifungua vipi mgeni akisahau namba, na nani anayo namba hiyo kuu. Hoteli nyingine hazibadilishi namba ya kiwandani, sifuri tupu au moja mpaka sita, na kila aliyewahi kufanya kazi pale anaijua. Ifunge tupu kwa namba yako, jaribu hizo mbili. Ikifunguka, usiweke kitu.

Kukabidhi mapokezi kunafaa, lakini kwa maandishi. Lile tangazo la "uongozi hautahusika na upotevu wa mali ambayo haikukabidhiwa" lina upande wa pili: unapokabidhi, unataka iandikwe. Bahasha ya kaki, orodha ndani na nakala yake kwako, funga, selotepu juu ya mfuniko, wewe na mpokeaji mtie saini zenu zikivuka mshono. Kwenye kaunta buku yao iandikwe kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, saa, jina, muhuri. Uliza zamu ya usiku ni nani na kama naye ana ufunguo wa hapo itakapowekwa. Wakikuambia "acha tu hapa kwenye droo, mama, hakuna shida", ichukue urudi nayo. Siku ya kuitoa, kagua mshono mbele yao kabla hujasaini.

Pesa zenu ndogo zina mwizi wake, na huyu ndiye hukamatwa mara chache kuliko wote. Hachukui zote. Kwenye noti ishirini anachukua tatu, na mwenyewe anajilaumu kwamba kahesabu vibaya au kanunua soda akasahau. Kila mtu aandike baki yake kwenye karatasi kila akitoka na kila akirudi. Wizi wa kupunguza hauna dawa nyingine.

Saa ya hatari kubwa ni Jumamosi alasiri mpaka usiku. Mapokezi wataiona Coaster ikijaa, mtaa utasikia ngoma, kila mtu atajua vyumba sita viko tupu. Pangeni zamu. Watu wawili wawili, saa mbili kila zamu, wakae chumba cha amana au barazani mbele yake. Wapelekewe chakula cha kwanza kutoka jikoni, tena sahani nzuri, maana mlinzi mwenye njaa huenda kufuata biriani. Dereva msimhesabu, anahitaji kulala kwa ajili ya Jumapili.

Simu: bonyeza *#06# kwa kila moja, namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe, iandike kwenye daftari lilelile. Laini iwekee PIN yake, tofauti na ile ya kufungulia simu, ili ikihamishiwa simu nyingine isikubali. Ukikosea mara tatu itajifunga mpaka uweke PUK, ile namba ya kufungulia laini iliyojifunga, hivyo iandike PUK na uiache nyumbani. Na namba ya siri ya pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Namba ya NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa, na watu wengi huweka kitambulisho na simu kwenye mkoba mmoja. Mwizi anaisoma tu.

Likitokea pamoja na yote hayo, msiguse mlango wala begi, pigeni picha, mwiteni meneja. Pigeni huduma kwa wateja wa mtandao na benki kufunga laini na kadi kabla ya jambo lingine lolote, kisha polisi, 112 au kituoni Bagamoyo mjini, mtoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Msipige yowe la mwizi mkimnyooshea mtu kidole. Unajua wananchi wenye hasira wanavyofanya, na aliyekwisha kupigwa mawe harudi. Wala msiende kwa mpiga ramli kutajiwa mwizi, kwani atakayetajwa ni yuleyule mnayemshuku tayari. Huyo jirani wa kinga ya mlango mwambie dua mnasoma, na kitasa mnampa fundi.

Umeuliza kuhusu wahudumu. Usiwazuie. Mkiwazuia siku tatu, vyumba vitanuka na wao watajua mnawaona wezi. Pangeni saa, tuseme saa tatu asubuhi, mmoja wenu awemo chumbani wakifanya usafi, milango mingine imefungwa. Hiyo inawalinda na wao, maana hakuna atakayesema aliingia peke yake. Mwishoni wapeni chochote cha shukrani, mkononi mwao.

Na yule binti. Alikuwa mmoja tu kati ya watu wote wenye ufunguo wa mlango ule, na wengine hakuna aliyewaita. Huna ulichokiona, dada. Mpigie mwenye gesti ile, mwambie hivyo kwa kinywa chako: kwamba hukumwona binti na pesa, kwamba begi lako lingeweza kufunguliwa na yeyote mwenye peni, na kwamba unaomba kama nafasi ipo arudishwe. Omba na namba yake, uongee naye mwenyewe. Fanya hivyo kabla Coaster haijaondoka Tanga.